Mke wangu anasema nimeoa darubini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 38, mtumishi wa umma hapa Dodoma, upande wa manunuzi. Mke wangu ni muuguzi na anafanya kazi kwa zamu. Tuna watoto wawili, wa kike ana miaka 9 na wa kiume miaka 3, na tunaishi na dada wa kazi. Sinywi, sivuti, sina mchepuko. Naanza na hayo kwa sababu ukisikia mume haonekani nyumbani usiku unaweza kufikiria mengine.

Ninachofanya usiku ni kutazama nyota. Nilipenda anga tangu shule ya msingi, lakini nilipohamishiwa Dodoma kutoka Dar es Salaam ndipo nilipoliona lenyewe. Dar ni taa na mawingu. Huku kuanzia Mei mpaka Novemba unaweza kukaa wiki nzima bila kuona wingu usiku. Rafiki yangu aliyekuwa akiishi nje aliniuzia darubini yake, ya kioo cha inchi 8. Shangazi, nimeona pete za sayari ya Zohali kwa macho yangu. Nimeona miezi minne ya sayari ya Mshtarii ikiwa imebadilishana nafasi kati ya jana na leo. Mtu akishaona kitu kama hicho hawezi kurudi ndani kulala.

Tuko wanne tunaopenda mambo haya, na tuna grupu la WhatsApp. Mchana mmoja anaangalia hali ya hewa. Kukiwa kweupe anaandika "leo?", na jioni tunaondoka na gari langu, njia ya Kondoa, kukimbia taa za mji. Tunarudi saa 8 usiku, mara nyingine saa 10 alfajiri. Zamani mke wangu alikuwa akicheka. Sasa ananuna. Juzi alisema mbele ya mama yake kwamba mimi nimeoa darubini na yeye amebaki mpangaji. Mama mkwe hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Kubwa analolalamikia ni harusi ya mdogo wake. Mimi ni mjumbe wa kamati ya vinywaji, na vikao vinafanyika Jumamosi jioni. Sasa Jumamosi ambayo mwezi haupo, Shangazi, sisi wenye kazi za ofisini tunaisubiri kwa hamu. Nimekosa vikao kadhaa. Mchango wangu nimetoa, lakini shemeji anasema hataki hela yangu, anataka nionekane. Watu wa ukoo wao wameshaanza kusema mume wa dada yetu anajiona.

Pili ni hela. Nilinunua lenzi mpya kwa shilingi 280,000 tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya tanki la maji. Nilikusudia kuzirudisha kabla hajajua. Kuna na siku moja alipiga simu nyumbani akiwa zamu ya usiku, mdogo ana homa, mimi nilikuwa huko porini na mtandao hakuna, lakini dada alimpa dawa na asubuhi mtoto alikuwa mzima.

Kazini nako siyo kuzuri. Juni tunafunga mwaka wa fedha, na Juni ndipo anga linapopendeza. Bosi wangu amenikuta nimelala mezani.

Nimefikiria kuiuza darubini ili yaishe. Lakini nikifikiria hivyo najisikia kama mtu anayejikata mkono. Nifanye nini ili mke wangu anielewe?

Mtazama Nyota, Dodoma

Nyongeza: Binti yangu ananing'ang'ania kila siku nimuonyeshe. Namkwepa kwa sababu vifaa ni vya gharama na usiku ni wa kulala.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, baba.

Barua yako ina mpangilio mzuri, lakini vipimo vyake vimenishangaza. Zohali umeipa nafasi, shemeji umempa aya nzima, halafu usiku ambao mtoto wa miaka 3 ana homa, mama yake yuko wodini anahudumia watoto wa wenzake, na baba yake hapatikani kwenye simu, umeupitisha katika sentensi moja mwishoni mwa habari za hela. "Lakini dada alimpa dawa." Dada wa kazi ana umri gani? Ningekuwa mkeo, hasira yangu ingeanzia usiku ule. Nadhani hata yeye ilianzia hapo. Harusi na tanki ni mambo anayoweza kuyataja mbele ya mama yake. Lile la homa bado linamkaa kooni.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye nyota: akiwa zamu ya usiku, wewe huendi popote. Darubini ikitoka inaishia uani, simu iko mfukoni na ina chaji. Hilo halina mjadala, na mwambie hivyo leo bila kumwomba chochote kwa malipo yake.

Sasa kuiuza. Usiiuze. Nimewaona wanaume walioacha kitu wanachokipenda kwa kulazimishwa na nyumba, wakakaa sebuleni kila jioni na simu mkononi, na mke akapata mwili wa mume tu. Isitoshe, mkeo hajakuomba uuze. Nimeisoma barua mara mbili kulitafuta hilo sikuliona.

Kinachomchosha ni lile neno lenu la grupu, "leo?". Fikiria kiangazi cha Dodoma kilivyo. Kila siku ni kweupe, kwa hiyo kila siku anaamka hajui kama jioni ana mume. Hawezi kumwahidi ndugu yake kwamba mtafika. Hawezi kukuachia watoto akaenda kusuka. Wewe unahesabu usiku uliotoka. Yeye anahesabu na ule uliobaki nyumbani kwa sababu wingu lilijitokeza saa 12 jioni, maana siku hiyo nayo alishinda akisubiri kujua. Hata ungepunguza safari kwa nusu, kama zinaendelea kuamuliwa saa 10 jioni na mtu wa WhatsApp, ugomvi utabaki palepale.

Mimi nilifundisha jiografia miaka mingi kabla ya kustaafu, na jambo hili linanichekesha. Mmechagua starehe ambayo kalenda yake inajulikana kuliko starehe zote duniani, halafu mnaiendesha kwa kushtukizana. Mawingu ya wiki tatu zijazo hakuna anayeyajua, lakini giza linajulikana. Mwezi unazunguka kwa siku 29 na nusu, na kila siku unachelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama. Siku tatu baadaye unachomoza baada ya saa 3 usiku. Kuanzia hapo mpaka mwezi mwandamo, na siku chache zinazofuata, jioni zako ni za giza. Hayo unaweza kuyaandika leo kwa mwaka mzima ujao.

Mkeo naye ana rosta. Ikitoka, iwekeni mezani pamoja na kalenda ya mwezi, muangalie siku ambazo giza lipo, yeye yuko nyumbani, na kesho yake huingii kazini. Humo chagueni safari mbili za mbali kwa mwezi. Yeye ndiye achague, wewe uandike. Hazitakuwa zile ambazo ungezichagua wewe, na ndivyo inavyotakiwa.

Halafu kuna sharti ambalo litakuuma. Wingu likifunika usiku mliokubaliana, safari hiyo imekufa. Haihamii kesho. Ukianza "basi kesho kwa kuwa jana tulikosa", mmerudi kwenye "leo?" kwa mlango wa nyuma. Nyota haikimbii. Kila moja inachomoza mapema kwa dakika 4 hivi kila siku, kwa hiyo ulichokikosa Julai saa 4 usiku, Agosti utakikuta mahali palepale saa 2. Vitu vichache kweli havirudi haraka, kama kupatwa kwa jua, na hivyo ndivyo vinavyojulikana mapema kuliko vyote. Lile jua la pete lililoonekana Rujewa kule Mbarali tarehe 1 Septemba 2016 lilikuwa limeshapigiwa hesabu miaka mingi kabla. Na tarehe 2 Agosti 2027 jua litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6 huko Luxor, Misri. Ukitaka kwenda, anza kuweka akiba na kuomba likizo sasa, na uchange nauli ya watu wawili.

Nije kwenye saa. Kwa nini mnarudi saa 8? Nina wasiwasi kwamba mnafuata vitabu na video za Wazungu. Mtu wa London mwezi Juni hapati giza kamili usiku kucha, kwa hiyo amezoea kukesha akilitafuta. Wewe uko nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Jua lako huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, na ikifika saa 2 hivi giza limekamilika. Julai saa hiyo kundi la nyota la Msalaba wa Kusini liko kusini limeanza kuinamia magharibi, nyota angavu ya Alfa Sentauri iko pembeni yake, kundi la Nge limekwisha kupanda upande wa mashariki na Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota, inapita katikati. Kiangazi chenu na sehemu nono kuliko zote ya Njia Nyeupe vinakuja pamoja, jioni, kabla watoto hawajalala. Wenzenu wa kaskazini wangelipia nauli kuipata bahati hiyo, na wanalipia.

Tena siyo kila kitu kinataka kukimbia taa za mji. Galaksi, ile mikusanyiko mikubwa ya nyota iliyo mbali sana, zinataka, sawa. Mwezi, sayari na nyota pacha hazijali taa. Alfa Sentauri ukiitazama kwa darubini yako hapo uani inagawanyika kuwa nyota mbili. Mwezi wa nusu uko juu kabisa jua linapozama, na milima na mashimo yake huonekana vizuri kwenye mstari unaotenganisha mwanga na kivuli. Toa darubini nje saa 12, kwa sababu kioo kikubwa kama hicho kinahitaji kupoa kilingane na hewa ya nje ndipo picha itulie. Kula na mkeo na watoto. Saa 2 toka, saa 3 na nusu rudi. Zile jioni nyingine zote za mwezi, unapotaka kutazama, kipimo chako kiwe hicho. Na kuna faida ya mtaani pia. Baba aliye uani saa 2 na watoto wake wanapiga kelele, majirani watakuja kuomba kuchungulia. Baba aliye uani peke yake saa 9 usiku na bomba kubwa kama mzinga, watampa jina ambalo hata mwenyekiti wa mtaa hatalifuta.

Saa moja na nusu utaniambia haitoshi. Inatosha ukijiandaa. Australia kulikuwa na mchungaji, Robert Evans, aliyegundua kwa jicho lake zaidi ya supanova 40, yaani nyota zinazolipuka katika galaksi za mbali. Alikuwa amekariri sura za galaksi kwa mamia, kwa hiyo alizipitia makumi kwa saa moja na kujua papo hapo kama kuna nyota ngeni imejitokeza. Nyinyi wanne porini, niambie ukweli, saa ngapi zinakwenda kwenye chai na kubishana mwelekee wapi? Andika mchana, kwenye karatasi, vitu vitano vya kutazama.

Wapenzi wa anga huwa wanapenda kumtaja William Herschel, mwanamuziki wa mji wa Bath, Uingereza, aliyefundisha muziki mchana na kutazama anga usiku mpaka tarehe 13 Machi 1781 akaiona sayari ya Uranus. Wakimtaja hawamalizii. Herschel alikuwa na dada yake, Caroline, ambaye alisimulia kwamba kaka yake alipokuwa akisugua kioo cha darubini ilibidi amtie chakula mdomoni tonge kwa tonge, maana safari moja hakuondoa mikono kwenye kioo kwa saa 16. Caroline alikuwa mwimbaji akianza kujulikana. Aliuacha uimbaji akabaki kuandika aliyoyaona kaka yake, kupiga hesabu na kuendesha nyumba. Ilikuwa mwaka 1787 ndipo mfalme alipoanza kumlipa pauni 50 kwa mwaka kwa kazi hiyo, na yeye mwenyewe kwa darubini yake aligundua kometi 8. Mimi nikisikia habari za mtu na darubini yake huwa naangalia kwanza nani anamtia tonge mdomoni. Kwenu ni muuguzi anayetoka zamu na msichana wa kazi.

Na hili limenisumbua kuliko kosa lolote uliloliandika: umenieleza unachopenda wewe tangu shule ya msingi, lakini mkeo anapenda nini sijui. Hakuna neno moja. Muulize. Kama ni kwaya, kama ni kulala tu Jumapili bila kuamshwa, saa zile zile unazozichukua wewe kwa mwezi naye apewe, ziandikwe kwenye kalenda ileile. Na asubuhi ya kila safari yako, anayeamka saa 12 kuandaa uji ni wewe. Ukiona huwezi kuamka, ulirudi umechelewa.

Kazini sitakaa sana. Safari za mbali ni Ijumaa na Jumamosi tu. Juni mpaka tarehe 30 hesabu zifungwe, huendi kabisa. Uani panatosha, na Julai anga lile lile litakuwepo. Mtu wa manunuzi akikosea tarakimu kwa usingizi, kuna siku ataitwa kujieleza, na hakuna mkaguzi atakayeandika kwamba alikuwa akitazama nyota. Dereva wenu asiendeshe saa 10 alfajiri akiwa hajalala. Barabara usiku ina malori mabovu yasiyo na taa, na unabeba baba za watu.

Hela ya tanki irudi kwenye tanki kabla ya lenzi nyingine yoyote. Kama lenzi ile inauzika kwa mmoja wa wenzako, uza. Kuanzia sasa weka fungu dogo la mambo yako ambalo mkeo analijua, na yeye awe na lake. Kisichopata nafasi humo hakinunuliwi.

Shemeji yako amekuambia anachotaka: uonekane. Nenda kwake mwenyewe, usimtume dada yake akuombee radhi. Vikao vilivyobaki fika vyote, hata kama mwezi haupo angani, na siku ya harusi shika vinywaji mpaka mgeni wa mwisho. Bahati mbaya harusi nazo zinapenda kiangazi, kwa hiyo hili litajirudia. Kikao kikigongana na safari, safari inaondoka.

Leo jioni, kabla hujamwambia mkeo lolote, andika kwenye grupu kwamba wewe siku zako zinajulikana mwezi mmoja kabla na kwamba "leo?" usiulizwe tena. Watalalamika kidogo kwa sababu gari ni lako. Huenda nao wana wake.

Sasa huyu binti. Una mtu nyumbani anayekuomba kila siku muwe pamoja kwenye kitu unachokipenda kuliko vyote, na unamkwepa? Kama unaihofia darubini, mpe kwanza zile za kushika kwa mikono, za 10x50, yaani zinazokuza mara 10 na zenye lenzi za milimita 50, hazina gharama ya kutisha na zinaonyesha mengi. Zikishikwa zikatulia, hata miezi ya Mshtarii utaiona. Kuanzia Novemba hadi Machi, wingu likiachia, mtafutie Kilimia, kile kishada cha nyota, ahesabu nyota kwa macho matupu, aandike namba, kisha ahesabu tena kwa kifaa. Mwambie wazee walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, mkichunguze wenyewe Mei na Juni mwone kama kinawatii. Mpe daftari lake. Usimfundishe majina 20 kwa jioni moja, na akisema amechoka mrudishe ndani bila kununa. Darubini kubwa ataigusa ukiwa umesimama naye, na kanuni ya kwanza, kabla hajaona nyota yoyote: haielekezwi kwenye jua hata kwa utani, kwa sababu jicho linaungua mara moja na halitibiki. Mchana ifungiwe ndani, yule wa miaka 3 asiifikie.

Shangazi